King'ora, simu, redio au hodi mlangoni: halmashauri ianze na kipi?

Mpango wowote wa maafa wa halmashauri una ukurasa mmoja unaoamua mengine yote: watu wataambiwaje? Maghala ya mablanketi, magari ya zimamoto, orodha ya shule zitakazopokea waliohama, vyote hivyo havina faida kwa mtu ambaye habari imemfikia akiwa tayari ndani ya maji. Serikali kuu ina wataalamu wa hali ya hewa na wa matetemeko, ila wao hutoa utabiri wa eneo pana. Kuugeuza utabiri huo uwe "nyie wa bondeni, tokeni sasa hivi, msipite darajani, pandeni shuleni" ni kazi ya halmashauri, kwa sababu ndiyo inayojua bonde lipi hujaa kwanza na njia ipi hufungika. Japani, sheria ya msingi ya maafa ya 1961 inamkabidhi meya mwenyewe jukumu la kuwaagiza watu wahame. Uingereza, sheria ya dharura ya 2004 inaziweka halmashauri kwenye kundi moja na polisi, zimamoto na huduma za afya, na kuonya umma ni wajibu wao kisheria.

Fedha za kununua kila kitu hazipatikani, na diwani au mkurugenzi anayetakiwa kuchagua huletewa vipeperushi vyenye picha nzuri za vifaa. Hapa nalinganisha njia nne kwa maswali yanayogusa uhai wa mtu. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: anza na watu waliofunzwa, ndipo ununue vifaa. Na kabla ya hao watu na hivyo vifaa, andika ni nani mwenye ruhusa ya kutoa onyo.

| | Aliyelala usiku | Umeme na minara ikikatika | Inaeleza la kufanya? | Kiziwi, mzee, mlemavu |
|---|---|---|---|---|
| King'ora | Humwamsha akiwa karibu, mvua ikiwa ndogo | Hufanya kazi kama betri ni nzima | Hapana, kisipokuwa na sauti ya mtu | Kiziwi hasikii |
| Simu | Humwamsha kama simu imewashwa na iko karibu | Huzimika | Ndiyo, kwa maneno machache | Mtetemo husaidia. Asiye na simu hakosi kuachwa |
| Redio | Hapana | Hufanya kazi kwa betri, kituo kikiwa hewani | Ndiyo, kwa kirefu | Kiziwi hasikii |
| Hodi mlangoni | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo, na maswali hujibiwa | Ndiyo, na anaweza kubebwa |

Jedwali hilo linaupendelea mstari wa mwisho, wa hodi mlangoni, na halionyeshi udhaifu wake mkubwa, ambao ni muda. Nitaufikia.

King'ora na vipaza sauti vya nguzoni

King'ora ni cha haraka kuliko vyote. Mtu mmoja anabonyeza, na kilomita nzima ya pwani inasikia kwa mpigo. Pale ambapo hatari ni moja tu na kila mtu anaijua, kwa mfano chini ya bwawa au kwenye ufuko unaojulikana kwa tsunami, sijaona cha kukishinda. Mlio maana yake ni panda juu, basi.

Tatizo linaanza pale hatari zinapokuwa zaidi ya moja. Kisiwa cha Maui, Hawaii, kilikuwa na ving'ora vingi vinavyojaribiwa kila mwezi. Tarehe 8 Agosti 2023 moto wa nyika uliosukumwa na upepo mkali uliuteketeza mji wa Lahaina na kuua watu 102, na hakuna king'ora hata kimoja kilicholizwa. Mkuu wa dharura wa kaunti alieleza baadaye kwamba wakazi wamezoea kukihusisha king'ora na tsunami, kwa hiyo aliogopa wangekimbilia upande wa mlimani, kule kule moto ulikotokea. Kesho yake alijiuzulu. Watu wengi wamemlaumu, nami naona lawama hizo zina msingi, kwani kwenye maandishi ya serikali ving'ora hivyo vilikuwa vya kila aina ya hatari. Lakini hofu yake inafichua kasoro ambayo hakuna kipeperushi kinachoitaja: king'ora kinaamsha, hakielekezi. Kama wakazi hawajafundishwa kwamba ukisikia mlio ufungue redio au utoke umuulize kiongozi wa mtaa, umenunua kelele.

Wajapani walijaribu kuliziba pengo hilo kwa kufunga vipaza sauti vinavyotamka maneno. Manispaa nyingi zina nguzo hizo mitaani, na sauti hutoka kwenye chumba kimoja cha ofisi ya mji. Mji wa Minamisanriku, tarehe 11 Machi 2011, mfanyakazi wa manispaa aitwaye Miki Endo, mwenye umri wa miaka 24, alikaa kwenye kipaza sauti ndani ya jengo la kudhibiti maafa la ghorofa tatu akirudia kuwaambia watu wakimbilie mahali pa juu. Wapo wengi waliookoka ambao wamesema ni sauti yake iliyowaondoa. Tsunami ilipita juu ya paa la jengo lile na yeye akafa pamoja na wenzake wengi. Mifupa ya vyuma ya jengo hilo imeachwa imesimama mpaka leo.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu mbili za kiutendaji. Moja, chumba cha kutangazia hakipaswi kamwe kuwa ndani ya eneo linalotangaziwa watu walikimbie. Halmashauri yenye ofisi kando ya mto iangalie hilo kabla ya kununua hata waya. Mbili, utabiri wa kwanza siku ile ulitaja kwa mkoa wa Miyagi, ulimo mji huo, wimbi la mita 6, ukapandishwa baadaye, na maji halisi yakaja juu zaidi. Mtu anayesikia mita 6 na nyumba yake iko mita 8 hutulia. Tangu 2013 idara ya hali ya hewa ya Japani, tetemeko likiwa kubwa mno, hutoa kwanza onyo lisilo na tarakimu: wimbi ni kubwa sana, kimbieni. Tarakimu hufuata vipimo vikishapatikana.

Vipaza sauti navyo hushindwa na mvua. Mvua kubwa inapopiga bati na madirisha yamefungwa, maneno ya nguzoni hayasikiki. Mwaka 2018, mafuriko ya magharibi mwa Japani yaliua watu 51 kwenye eneo la Mabi, mji wa Kurashiki, wengi wao wazee. Ndiyo maana manispaa kadhaa za Japani hugawa redio ndogo za ndani ya nyumba zinazojiwasha zenyewe onyo linapotolewa. Kwa halmashauri yenye hatari ya mafuriko, ningechagua hizo redio ndogo kwa nyumba za bondeni kabla ya kusimamisha nguzo mpya.

Simu ya mkononi

Hapa pana vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, na kuvichanganya kunagharimu.

Cha kwanza ni ujumbe mfupi wa kawaida. Unatumwa namba kwa namba, kwa hiyo unahitaji orodha ya namba, na siku ya maafa, mtandao ukilemewa, ujumbe unapanga foleni na kuingia baada ya saa nzima. Mgeni aliyefika jana hayumo kwenye orodha. Faida yake ni kwamba unaweza kuwalenga watu maalumu, mathalani walimu wakuu au viongozi wa mitaa, na wanaweza kukujibu.

Cha pili ni tahadhari inayorushwa na mnara kwenda kwa kila simu iliyo ndani ya eneo lake kwa wakati mmoja. Haihitaji namba, haipangi foleni, inamfikia mpita njia, na simu hulia kwa mlio wake wa pekee. Uingereza iliijaribu nchi nzima 23 Aprili 2023, na Desemba 2024, dhoruba Darragh ilipokaribia, iliwafikia watu milioni 3 hivi wa Wales na kusini magharibi mwa Uingereza. Ujerumani iliianzisha Februari 2023, na sababu yake ni msiba: mafuriko ya Julai 2021 yaliyoua zaidi ya watu 180, wakati ambapo nchi ilitegemea programu ambazo mtu alipaswa kuzipakua mwenyewe, na ving'ora vingi vilikuwa vimeng'olewa baada ya Vita Baridi.

Kati ya hivi viwili, cha pili ni bora kwa mbali. Ila halmashauri hainunui minara. Mfumo huu hujengwa na serikali kuu pamoja na kampuni za simu, na kazi ya halmashauri ni kupigania haki ya kuutumia: nani mkoani anaweza kuomba ujumbe utumwe, anapiga namba gani saa 8 usiku, na inachukua dakika ngapi. Swali la dakika ndilo kubwa.

Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024: idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi. Mfumo wa kurusha tahadhari kwenye simu ulikuwepo na ulikuwa mzima. Ujumbe ulitumwa saa 2 na dakika 11 usiku, wakati ambapo kwenye miji kama Paiporta maji yalikuwa yameshajaa barabarani na watu wako juu ya magari, wengine wamekwama kwenye maegesho ya chini ya ardhi walikokwenda kuokoa magari yao. Mkoani humo walikufa zaidi ya watu 220. Simu zilifanya kazi yake barabara. Waliochelewa ni watu wenye mamlaka ya kuzituma.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Asubuhi ya 13 Januari 2018 simu za Hawaii zilipokea onyo la kombora linalokuja, na ujumbe wa kulifuta ulifika baada ya dakika 38. Familia zililala chini ya magodoro zikisubiri kufa. Mfumo wa simu unahitaji ujumbe wa kufuta ulioandikwa na kuidhinishwa mapema, sawa na ule wa kuonya.

Na minara ikianguka, mazungumzo yameisha. Kimbunga Idai kilipoingia Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019, umeme na mawasiliano ya simu vilikatika, na jiji likabaki bila mawasiliano na nje. Simu ni ya kabla ya pigo. Usiihesabu kwa kinachofuata.

Redio

Hii sina mengi ya kuibishia. Ni nafuu, inaingia vijijini, inazungumza lugha ya mahali, na baada ya pigo ndiyo pekee inayoweza kukaa saa nzima ikieleza maji safi yako wapi, barabara ipi imefungwa, hospitali ipi inapokea majeruhi. Upungufu wake ni kwamba aliyelala haisikii, na vijana wengi hawana redio tena. Halmashauri isijenge kituo chake. Isaini makubaliano na vituo vilivyopo, yaseme wazi kwamba sauti fulani ikipiga simu na kutaja neno la siri, kipindi kinakatwa papo hapo bila kumtafuta meneja. Kisha ihakikishe kituo kina jenereta na mafuta ya siku tatu. Nimewahi kusoma mipango inayoitaja redio ukurasa mzima bila kusema mafuta yatatoka wapi.

Hodi mlangoni

Novemba 1970 kimbunga Bhola kiliua watu wanaokadiriwa kuwa laki 3 hadi laki 5 kwenye pwani ya Bangladesh ya sasa. Miaka michache baadaye serikali na Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo (leo Hilali Nyekundu) walianzisha mpango wa kujiandaa kwa vimbunga unaotegemea watu wa kujitolea: mtu wa kijiji hicho hicho, mwenye kipaza sauti cha mkononi, buti, tochi, koti la mvua, na bendera. Bendera moja, mbili, tatu, kadiri hatari inavyokaribia. Leo watu hao ni zaidi ya 76,000, na nusu yao ni wanawake.

Kuhusu wanawake, nusu hiyo haikuja yenyewe. Kimbunga cha 1991 kiliua takriban watu 138,000, na vifo vya wanawake vilizidi sana vya wanaume. Onyo lilibebwa na wanaume kwenda kwa wanaume, sokoni na barazani, na mwanamke nyumbani na watoto alisubiri ruhusa au hakuwa na habari kamili. Tangu hapo mpango uliongeza wanawake waonyaji kwenye kila kikosi, kwa sababu mwanamke anaingia hadi jikoni kwa mwenzake na kuzungumza naye ana kwa ana. Mei 2020, kimbunga Amphan kilipokuja, Bangladesh ilihamisha zaidi ya watu milioni 2, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Sifa hiyo haiendi kwa waonyaji peke yao: utabiri umekuwa bora na majengo ya kujikinga yameongezeka sana. Lakini majengo hayamwiti mtu. Mtu huitwa na mtu anayemfahamu.

Hilo ndilo linalonifanya niiweke njia hii mbele. Onyo la kwanza watu wengi hawalitii. Wanachungulia dirishani, wanapigia ndugu simu, wanaangalia jirani anafanya nini. Anayegonga mlango na kukuita kwa jina anamaliza mashaka hayo kwa nusu dakika. Na anajua mambo ambayo hakuna mtambo unaoyajua: chumba cha nyuma yuko bibi asiyetembea, nyumba ya kona mwenyewe ni kiziwi, yule wa juu ana gari lenye nafasi.

Sinzig, Ujerumani, usiku wa 14 kuamkia 15 Julai 2021. Mji huo uko karibu na mahali mto Ahr unapoingia Rhine, yaani mwisho kabisa wa bonde. Vijiji vya juu vilikuwa vimeshasombwa saa kadhaa kabla. Kwenye makazi ya watu wenye ulemavu wa akili, wakazi 12 wa ghorofa ya chini walikufa maji. Kuwapandisha ghorofa moja tu kungetosha. Ujumbe wa simu usingewasaidia watu hao, walihitaji mikono. Kila halmashauri iwe na orodha ya nyumba za namna hiyo, wazee, walemavu, wagonjwa wanaotegemea mashine za umeme, na kila nyumba iwe na majina ya watu wawili wanaokwenda pale onyo likitoka. Orodha hiyo ihuishwe kila mwaka, na itunzwe kwa siri.

Sasa udhaifu. Ni njia ya polepole. Ukiwa na siku mbili, kama ilivyo kwa kimbunga, hodi inatosha na kubaki. Ukiwa na saa mbili, inatosha kama kila mtu ana nyumba zisizozidi ishirini na anazifahamu. Ukiwa na dakika kumi haifai, na kumtuma mtu wa kujitolea bondeni kwa dakika hizo ni kumtuma afe. Sharti liandikwe: maji yakifika alama fulani, muonyaji naye anaondoka, awe amemaliza au hajamaliza. Tena watu hao huchoka na kusahaulika. Bila mazoezi ya kila mwaka, nauli, bima na buti mpya, ndani ya miaka mitatu utakuwa na orodha ya majina ya watu waliohama.

Nani anasema "tokeni"?

Rudi kwenye Lahaina, Valencia na bonde la Ahr. Kote huko chombo cha kuonyea, kizuri au kibovu, kilikuwepo. Bonde la Ahr amri ya kuhama ilitolewa karibu saa 5 usiku, wakati vijiji vya juu vimeshazama. Aliyetakiwa kuamua alisubiri uhakika zaidi, au hakuwepo, au alidhani ni kazi ya mwingine. Hakuna kifaa kinachotibu hilo.

Kwa hiyo kabla ya zabuni yoyote, kikao cha madiwani kipitishe karatasi moja yenye vizingiti: mto ukifika alama hii, onyo linatoka, na halihitaji kikao. Itaje mwenye kauli, naibu wake, na naibu wa naibu, kwa vyeo na namba zao, na iseme aliye zamu anaruhusiwa kuonya peke yake asipompata mkubwa ndani ya dakika tano. Iseme pia kwamba aliyeonya kwa nia njema na maji yasije hataadhibiwa. Bila ulinzi huo kila afisa atasubiri mpaka ajiridhishe, na akijiridhisha muda umekwisha.

Maneno nayo yaandikwe mapema. Japani ilikuwa na viwango viwili, ushauri wa kuhama na agizo la kuhama, na watu wakisikia ushauri walisubiri agizo. Mwaka 2021 ushauri ulifutwa. Agizo likitoka, ni moja: hameni.

Chaguo kwa hali yako

Pwani yenye tsunami ya karibu, au mji ulio chini ya bwawa: king'ora kwanza, chenye sauti ya maneno, na mazoezi ya kukimbia hadi watoto wajue njia gizani. Hodi haina nafasi hapa, isipokuwa kwa wale wa kubebwa, na hao wahamishiwe makazi ya juu wakati wa amani.

Bonde la mafuriko ya ghafla: watu wa juu ya mto wenye jukumu la kupiga simu chini, redio ndogo za ndani, waonyaji wa mtaa, na haki ya kutumia tahadhari ya minara. Kati ya hivyo, mtu wa juu ya mto ndiye rahisi kuliko vyote na ndiye anayesahauliwa. Anahitaji fimbo yenye alama, tochi, na namba mbili za simu.

Vimbunga na mafuriko yanayopanda taratibu: watu wa kujitolea na redio. King'ora kiache.

Moto wa nyika: tahadhari ya minara ikifuatwa na magari yenye vipaza sauti, kwa sababu uelekeo wa kukimbia hubadilika na upepo na lazima utamkwe.

Hatari usiyoitazamia, kama mlipuko wa kiwanda: simu, yenye agizo la kubaki ndani na kufunga madirisha, kwa kuwa king'ora na hodi huwatoa watu nje, penye sumu.

Chochote utakachochagua, kijaribu hadharani, kwa tarehe iliyotangazwa, hata kama kuna aibu. Ujerumani ilifanya siku yake ya majaribio Septemba 2020, na maonyo kwenye simu yakachelewa kama nusu saa. Kasoro ilionekana mapema. Marekebisho hayakukamilika kabla ya Julai iliyofuata. Kwa hiyo jaribio liambatane na fungu la fedha la kurekebisha kitakachoonekana, na jina la atakayerudi barazani baada ya siku tisini kueleza kipi kimerekebishwa.